Tulidhibiti mwendo wa lori, tukasahau saa za dereva

Tangu Februari 2004, magari ya abiria na ya mizigo nchini Kenya yanatakiwa kufungwa kidhibiti mwendo. Ndizo zile Kanuni za Michuki: kilomita 80 kwa saa, mikanda kwenye viti, mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, tulimlaani siku tulipotembea kwa miguu kwa kukosa magari, na baadaye tukamsifu. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na hoja yangu leo ni hii: mwendo wa gari tumeufungia kifaa, lakini saa za mtu anayeliendesha tumeziachia kinywa chake. Ukimwuliza dereva kama amechoka, atakwambia yuko sawa. Wala hadanganyi. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Nasema hajui kwa sababu nimeona jambo hilo likipimwa nyumbani kwangu, kwa mchezo wa vijana.

Nina hoteli ndogo Emali, kando ya Barabara ya Mombasa, upande ambao malori hupaki. Tunapika muthokoi, chapati, maharagwe na nyama ya mbuzi, na chai haikauki usiku kucha. Nilizaliwa Mutomo, Kitui, nikaolewa huku Makueni, na kazi hii imenifundisha kumsoma dereva kabla hajaketi. Aliyelala huuliza kuna chakula gani. Asiyelala haulizi. Huagiza chai ya rangi yenye sukari nyingi, hulaza paji la uso juu ya mkono na kuniambia, "Mama, niamshe baada ya dakika kumi." Nikimwonyesha kitanda nilichoweka chumba cha nyuma, hutikisa kichwa. "Niko sawa, Mama."

Likizo ya Aprili mwanangu alirudi kutoka chuo kikuu cha SEKU, kule Kwa Vonza, akiwa na PlayStation 2 kuukuu na diski ya Gran Turismo 4, mchezo uliotoka Japani mwishoni mwa mwaka ule ule wa kanuni za Michuki. Ndani yake mna mashindano ya saa 24 katika barabara ya Le Mans ya Ufaransa, yenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 13. Nilidhani saa 24 ni jina tu, kama "duka la saa 24" linalofungwa saa nne usiku. La. Saa za mchezo ni saa za ukutani. Huwezi kuhifadhi ulipofika, ukalala, ukaendelea kesho. Ukizima mashine, unaanza upya. Unaweza kumwachia dereva wa kompyuta akushikie usukani, lakini vijana walikataa. "Hiyo ni kuiba, Mama."

Walikuwa watatu. Mwanangu, mwepesi wa vidole na wa maneno. Binamu yake kutoka Mutomo, mpole, asiyependa kubishana. Wa tatu alikuwa taniboi wa lori lililokwama kwetu likisubiri kipuri kutoka Nairobi. Hakuwa amewahi kushika padi ya mchezo maishani, akafundishwa jioni moja. Kwa jirani waliazima betri ya sola na inverta, maana stima ikipotea saa ya kumi na nane, nani atamfidia mtu? Walianza saa sita mchana. Makubaliano yao yalikuwa ya kirafiki: atakayechoka atampa mwenzake.

Mimi nilichangia daftari. Lilikuwa la madeni ya hoteli, likabaki na kurasa nyingi safi. Aliyekuwa nje ya zamu aliandika muda wa kila mzunguko kama ulivyotokea kwenye skrini, na jina la aliyeendesha. Nilipenda mwandiko ule ukishuka ukurasa, tarakimu chini ya tarakimu, kama hesabu ya mtu anayelipa kidogo kidogo.

Mwanangu alianza kwa dakika tatu na sekunde arobaini kila mzunguko, akipanda na kushuka kwa sekunde moja au mbili. Alikuwa hodari kweli. Baada ya saa mbili, sekunde arobaini zikawa arobaini na tano. Baada ya saa tatu zikawa hamsini na kitu, na zikaanza kurukaruka: mzunguko mmoja mzuri, unaofuata mbovu. Mahali paitwapo Mulsanne, mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, alichelewa kufunga breki akagonga ukuta. Katika mchezo huo gari halibonyei hata ukigonga namna gani. Alirudi nyuma, akaendelea kama aliyekanyaga jiwe. Nilimwuliza kama amechoka. Bila kutoa macho kwenye skrini akanijibu, "Niko sawa, Mama."

Sauti ilikuwa ile ile ya mezani kwangu. Hakuwa ananidanganya. Nilipompa daftari alishangaa. Alidhani bado anakwenda kwa arobaini, kwa sababu mikono ilikuwa ikifanya yale yale iliyokuwa ikifanya tangu mchana. Kilichokuwa kimelala ni kile kinachopaswa kumwambia kwamba mikono imechelewa. Hapo ndipo niliposimamia jambo kama mwenye nyumba: hakuna tena kumwuliza mtu anajisikiaje. Kila mmoja saa mbili, padi inahama hata kama yuko mbele, hata kama analia. Alilalamika kwamba taniboi atawapotezea nafasi.

Taniboi hakuwapotezea. Aliendesha dakika nne kamili, mzunguko baada ya mzunguko, akifunga breki mapema kila kona. "Mama, mimi hii gari naiona imejaa simiti," aliniambia. Usiku wa manane, saa ambazo mwanangu bila zamu angekuwa anagonga kuta, kurasa za kijana yule zilikuwa safi kuliko za wote. Na mwanangu mwenyewe, akilala saa nne na kuamka, alirudi kwenye sekunde zake arobaini na mbili kama mtu aliyelipwa deni. Nje Emali ilikuwa giza na honi za malori. Ndani ya televisheni ilikuwa mchana wa Ufaransa, kwa sababu katika mchezo huo jua halitui hata mashindano yafike saa ya mwisho. Wapinzani wa kompyuta nao hawasinzii. Vijana walimaliza wa tatu, saa sita mchana wa siku ya pili, na wote watatu walikula muthokoi wakiwa macho.

Sasa niseme nisichosema. Sisemi mchezo unafundisha kuendesha lori. Mtu anayegonga ukuta bila gari kubonyea hajajifunza lolote kuhusu tangi la mafuta linaloteremka kuelekea Salama. Ninachosema ni kwamba mchezo ulinipa kipimo. Barabarani, uchovu wa dereva hupimwa mara moja tu, na anayesoma kipimo hicho ni polisi wa trafiki akiwa na tepu yake mkononi. Chumbani kwangu ulipimwa kila dakika nne bila mtu kuumia, na kipimo kilionyesha kwamba mhusika ndiye shahidi mbaya kuliko wote.

Wenye mashindano ya kweli walilijua hili zamani, na walilijua kwa uchungu. Mwaka 1952 Mfaransa Pierre Levegh aliendesha Talbot kule Le Mans peke yake. Mwenzake wa zamu alikuwapo, amejiandaa. Levegh alikataa kushuka. Ilipofika saa ya 23 alikuwa anaongoza kwa mizunguko minne, na hapo injini ikavunjika. Wanaosimulia kisa hicho husema aliingiza gia isiyostahili kwa kuchoka. Ushindi ukaenda kwa Mercedes. Leo sheria za Le Mans haziachi jambo hilo kwa ushujaa wa mtu: dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne katika kila saa sita, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Hayo ni mashindano ambayo kazi yake yote ni kukimbia! Na Juni 2020, ugonjwa wa korona ulipoahirisha mashindano yenyewe, yalifanyika kwa kompyuta, madereva wakiwa majumbani mwao. Kulikuwa na magari 50 na madereva 200. Gawanya utaona: watu wanne kwa gari moja, gari ambalo halipo, lisilobeba kitu.

Lori linalosimama mbele ya hoteli yangu lina tani kadhaa na mtu mmoja.

Sheria tunayo. Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla katika kila saa 24. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na Emali iko kama kilomita 125 kabla ya Nairobi. Lori lililojaa, ukiweka milima, msongamano na mizani ya Mariakani, likienda wastani wa kilomita 45 kwa saa limefanya vyema. Kwa hesabu hiyo saa ya nane inamkuta dereva papa hapa, kati ya Kibwezi na Sultan Hamud, mlangoni kwangu. Yaani safari ya kawaida kabisa ya Mombasa hadi Nairobi, bila ajali na bila uzembe wa mtu, haitoshei ndani ya sheria. Anayeendelea kutoka hapa hadi Mlolongo akiwa peke yake ameshaivunja, na kama mzigo ni wa Malaba, hata nusu ya njia hajafika. Sijawahi kusikia dereva aliyesimamishwa na polisi akaulizwa, "Umeendesha saa ngapi tangu jana?" Huulizwa leseni, bima, stika, tairi. Saa hazina stika.

Ulaya walifunga kifaa ndani ya lori kinachoandika saa za kuendesha na za kupumzika: baada ya saa nne na nusu, dereva lazima apumzike dakika 45. Binamu wa mwanangu ana mchezo mwingine kwenye kompyuta, Euro Truck Simulator 2, ambamo dereva akipitiliza saa zake huanza kupiga miayo na skrini kuingia giza, mpaka atafute mahali pa kulala. Kijana wa Mutomo ambaye hajawahi kuvuka mji wa Athi River anajua kwamba dereva wa lori la Ujerumani anatakiwa kulala. Wa kwetu hatujamdai hivyo.

Wenye malori huniambia kifaa kama hicho ni ghali. Hapo ndipo ninapocheka, maana kifaa wanacho. Karibu kila lori linalopaki kwangu lina traka. Mwenye lori yuko Nairobi au Mombasa, simu mkononi, anaona gari lake limesimama Emali, na anaona limesimama kwa muda gani. Nimesikia simu hizo zikilia mezani. Dereva ndiyo kwanza amelaza kichwa, simu inatetemeka: "Mbona umesimama?" Hajaulizwa kwa nini hakusimama tangu Voi. Chombo ambacho kingemlinda usingizi wake ndicho kinachomwamsha. Taarifa zote ambazo daftari langu lilikuwa nazo, mwenye lori anazo tayari; tofauti ni kwamba mimi nilizitumia kumtoa mtu kwenye usukani, naye anazitumia kumrudisha.

Na dereva hawezi kukataa, kwa sababu wengi hulipwa kwa safari. Ukilala, safari ya pili ya wiki imepotea, na karo ya mtoto pamoja nayo. Wengine hutafuna muguka kufidia. Muguka humweka mtu macho wazi. Haumrudishii sekunde zake. Nimewaona wakishuka na macho makavu kama taa, wakishindwa kuhesabu chenji ya shilingi mia mbili.

Najua jibu la wazee wetu, hasa wa Ukambani waliokulia kando ya njia ya Safari Rally wakati ilipokuwa ikija hadi huku kuelekea Taita na Pwani. Watasema wanaume wa zamani walikuwa hawalali, na waliendesha siku kadhaa matopeni wakashinda. Mzee mmoja hunihesabia hapa mezani: mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba, mwaka 1968 yalianza 93 yakamaliza saba tena. Ni kweli. Lakini namwuliza, nani walishinda miaka hiyo miwili? Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 nani? Joginder Singh na nduguye Jaswant, kwa Volvo. Kila ushindi una majina mawili. Ndani ya gari kulikuwa na mtu wa pili wa kusoma njia, kutazama saa, na kumwambia mwenzake ukweli ambao mwenzake hawezi kujiambia. Sisi tukachukua sifa ya kutolala, na yule wa pili tukamtupa. Siku hizi taniboi wengi wameachishwa ili kupunguza gharama, na dereva anabaki na redio.

Utamaduni wa kumpumzisha msafiri si mgeni kwetu Makueni. Makindu, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna gurudwara ya Masingasinga iliyojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupata hapo chakula na mahali pa kulala bila kulipa. Karibu karne nzima waumini wa hekalu moja wameweza. Serikali za kaunti zetu mbili, Makueni na Kitui, zinazotoza ada za maegesho zinashindwa nini?

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba, na nayaomba kwa majina ya wenyewe. La kwanza ni la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Lori lenye traka litoe kumbukumbu ya saa zake kwa mamlaka kama sharti la ukaguzi wa kila mwaka, na polisi wapewe uwezo wa kuzisoma barabarani. Saa nane zilizoandikwa mwaka 2012 zipate wa kuzihesabu. Kosa likipatikana, aulizwe kwanza mwenye gari aliyepanga safari isiyotosha ndani ya saa hizo.

La pili ni la wenye malori na vyama vya madereva. Malipo yawe ya siku au ya mwezi, na mzigo unaopita saa nane uwe na dereva wa pili. Najua itaongeza gharama. Wekeni gharama hiyo kando ya bei ya lori lililoanguka na mzigo ulioporwa, kisha mniambie ipi kubwa.

La tatu ni la magavana wetu wa Makueni na Kitui. Jengeni maegesho yenye ua, taa, mlinzi, choo na vitanda: Emali na Mtito Andei kwa Barabara ya Mombasa, Mwingi kwa mabasi na malori ya Garissa, na Mutomo. Mutomo naisema kwa sababu nilipokuwa msichana barabara ya Kibwezi hadi Kitui ilikuwa vumbi na mashimo, na mashimo yalimweka dereva macho. Sasa ni lami laini, imenyooka, ina vituo vichache, na malori yameigundua. Dereva hakatai kulala kwa ukaidi tu. Anaogopa kuibiwa dizeli, tairi na mzigo, na hasara hiyo ikatwe kwenye mshahara wake. Mpe ua wenye mlinzi, kisha umwulize tena kama yuko sawa.

Mwanangu amerudi chuoni na anasema wakati mwingine watashinda, kwa sababu watapanga zamu kabla ya kuanza badala ya kungoja Mama akasirike. Vijana watatu waligundua hilo kwa usiku mmoja, na kikombe walichokuwa wakigombania ni cha kwenye televisheni. Mwenye lori anayejua akiwa Nairobi ni lita ngapi za dizeli zimebaki kwenye tangi lililopaki Emali, anaweza pia kujua dereva wake amelala saa ngapi. Mpaka sasa hakuna sheria inayotekelezwa ya kumlazimisha aangalie. Alazimishwe.